Simu ya mkopo, 1,500 kwa siku: nimemaliza deni, sasa naongea

Nilijiahidi siandiki chochote kuhusu hii simu mpaka nimalize kulipa, maana mtu mwenye deni akilalamika watu wanajua anatafuta pa kukimbilia. Basi wiki iliyopita Jumanne nimemaliza, 607,500 yote, sidaiwi hata mia, kwa hiyo naongea.

Jina la kampuni sitaji na duka silitaji. Wako wengi na mtindo wao ni mmoja, halafu yule kijana aliyeniuzia hana kosa lolote, mpaka leo tukipishana ananiamkia. Ntaongelea simu, ntaongelea mkopo, na zaidi ntaongelea lile komeo lililokaa ndani ya simu, maana hilo ndo unalolinunua hata kama kwenye bango halipo.

Mie ni fundi cherehani, niko Tandika, nashona nguo za kike, vitenge, sare za harusi, send-off, hizo hizo. Kabla ya hapo nilikuwa na simu ya tachi imepasuka kioo na kitochi cha akiba. Sasa mteja wa siku hizi haji na kitambaa akakuelekeza kwa mdomo, anakurushia picha WhatsApp, dada nataka hii ila mkono uwe kama wa hii nyingine na mgongo kama wa hii ya tatu, ukiangalia kupitia kioo chenye ufa katikati unaweza ukamshonea mtu gauni lenye bega moja na yeye hakuomba bega moja. Nikaona hapana, natafuta simu.

Kariakoo mtaa wa Aggrey simu kama hii keshi ilikuwa 330,000, niliulizia maduka matatu, mmoja akashuka mpaka 325. Sikuwa nayo. Benki ukienda wanataka salary slip au hati ya kiwanja, mie slip yangu ni tepu ya kupimia. Mikopo ya kausha damu ya mtaani naijua vizuri na sitaki kuisikia. Duka la simu za mkopo wakaniomba kitambulisho cha NIDA, namba za wadhamini wawili na kianzio 60,000, halafu 1,500 kila siku kwa siku 365. Dakika arobaini nimetoka na boksi. Hapo lazima niwe mkweli, hakuna mtu mwingine mjini hapa ambaye angeniamini kwa dakika arobaini, na wanaosema watu wajinga ndo wanakopa simu waje wakae kwenye hii meza yangu mwezi wa pili ambapo hakuna harusi.

Simu yenyewe sina baya la kusema. Betri inalala na kuamka, kioo kikubwa, spika inasikika hata cherehani ikiwa inanguruma, na kamera inatoa rangi ya kitenge kama ilivyo, kwa fundi hiyo siyo jambo dogo maana kuna simu ukipiga picha kitenge cha bluu ya bahari mteja anakuja kuchukua zambarau. Simu kama simu naipa nyota nne. Moja nimeinyima kwasababu ya chaji, tundu limelegea baada ya miezi minane.

Sasa twende kwenye komeo.

Siku ya kwanza kijana wa duka aliwasha simu mwenyewe, akaunganisha na intaneti yake, ikakaa inazunguka weee, ikaandika kwamba kifaa hiki kinasimamiwa na taasisi. Mie nikajua ni mambo ya setapu. Taasisi gani? Taasisi yangu ni cherehani mbili na binti mmoja wa kunisaidia kufuma pindo. Baadae ndo nikaja kuelewa maana yake, nilipoenda kwa fundi simu wa jirani kumuuliza kama inaweza kuflashiwa, yani kufutwa mfumo wote na kuwekewa mwingine. Akacheka. Akaniambia dada hii namba yake ya IMEI, ile namba ya utambulisho ya kila simu, ilishaandikwa kwa wenyewe kabla boksi halijafunguliwa, simu ikishika intaneti mara ya kwanza inaulizia mwenye mamlaka ni nani, inaambiwa siyo wewe, inakubali. Ukifuta kila kitu ikiwaka tena inauliza tena na inajibiwa vile vile. Google wenyewe wana programu yao kwa ajili ya wakopeshaji, inaitwa Device Lock Controller, na Samsung wana ya kwao Knox Guard, kwa hiyo siyo kwamba kuna kijana mjanja sehemu amebuni ujanja wa mtaani, hii kitu imejengwa na wenye simu wenyewe. Na usijidanganye kwamba utazima data isikupate. Ya kwangu ikikaa siku kadhaa bila kuongea na kwao inajifunga yenyewe hata kama umelipa, yani ni kama mtoto aliyetumwa dukani, asiporudi kuripoti ana kesi.

Ikijifunga unabaki na skrini moja, kiasi unachodaiwa, namba ya kulipia, kitufe cha kupiga huduma kwa wateja na namba za dharura. Basi. Picha zako, meseji zako, namba za watu wako, mziki wako, vyote vipo humo humo mkononi mwako na huvifikii.

Jumamosi moja mwezi wa nane wa deni ndo niliijua vizuri. Nilikuwa na sare za mabesti sita, sherehe jioni, nne zimeisha, mbili bado hazijakatwa kwasababu kitambaa kilichelewa. Vipimo vyao vyote viko kwenye simu, kifua, kiuno, nyonga, bega, urefu, na picha ya mshono waliouchagua. Ijumaa usiku nimelipa 1,500 yangu kama kawaida, meseji ya muamala umekamilika imekuja, nimelala. Asubuhi saa mbili nachukua simu nimuulize mmoja wao kama mkono unakuja robo au nusu, nakuta skrini ya deni. Nadaiwa 1,500.

Nikapiga huduma kwa wateja, nikasubiri na ule mziki wao, dada akapokea ana sauti nzuri kabisa, akaniambia samahani kwa usumbufu, naomba kumbukumbu namba ya muamala. Nikamwambia iko kwenye meseji. Akasema nisomee. Nikamwambia meseji iko kwenye simu. Akasema sawa, nisomee. Nikamwambia dada, simu mmeifunga! Kukawa kimya kidogo halafu akasema tena samahani kwa usumbufu.

Nikatoa laini nikaiweka kwenye kitochi, meseji haikuhama kwasababu ilikuwa imekaa kwenye simu siyo kwenye laini. Nikakimbia kwa wakala, tukaingia kwenye menyu ya pesa tukaomba taarifa fupi, namba ikapatikana, nikapiga tena, nikapokelewa na kijana mwingine nikaanza hadithi upya, akaichukua namba akasema suala langu limepokelewa na litashughulikiwa ndani ya masaa 24 mpaka 48. Masaa 48 wakati sherehe ni saa kumi na mbili jioni. Nikakaa pale nimeshika mkasi natazama kitambaa, mpaka saa sita na kitu hasira ikanishuka nikalipa 1,500 nyingine kupitia kitochi. Simu ikafunguka ndani ya dakika mbili. Pesa ya pili njia iliijua.

(Ile ya kwanza wiki iliyofuata iliingizwa kama siku ya ziada, sijaibiwa, niseme ukweli.)

Ila katikati hapo nilishakata gauni moja kwa kukisia kwasababu muda ulikuwa unaisha. Yule binti kifua chake nikakikumbuka 36 kumbe ni 38. Zipu ilifika katikati ya mgongo ikagoma, tukaunganisha kipande pembeni pakaonekana, nikamrudishia 25,000 yake na nusu ya heshima yangu.

Siku hiyo usiku nikapiga hesabu. Nilikuwa nimeshalipa 421,500. Yani bei ya keshi ya Aggrey nilishaipita kwa elfu tisini na moja na mia tano, na bado kwa elfu na mia tano moja ambayo hata sikuwa nadaiwa, wakaweza kunizimia kazi asubuhi nzima bila mtu yeyote kunyanyuka kwenye kiti. Hakuna aliyeamua. Hilo ndo lilinikaa rohoni kuliko deni. Mkopo nimezoea, nimekulia kwenye mikopo. Nina mchezo wa elfu kumi kwa wiki, kijumbe wetu ni mama mkali kweli kweli, lakini mwanangu alipolazwa akaja kibarazani akakaa, akasema nakuruka wiki hii utafidia mbili zijazo, akaondoka. Alikuwa na macho ya kuona kwamba simkimbii. Hii simu ina kamera mbele na nyuma na haikuona chochote.

Bibi yangu Tanga cherehani yake ya kwanza aliinunua kwa kulipa kidogo kidogo, kuna daftari dukani jina lake limeandikwa, kila mwisho wa mwezi anapeleka. Na hii ya kulipa kidogo kidogo imeanzia kwenye cherehani hasa, Singer wa Marekani walikuwa wanauza hivyo tangu miaka ya 1850 kwasababu mashine ilikuwa ghali na wanaoihitaji ndo wasio na hela. Kwa hiyo biashara yenyewe ni ya zamani kuliko bibi. Ila cherehani ya bibi ilipofika kwake ilikuwa yake kuitumia, mwenye duka akitaka kuidai itabidi atoe mguu wake, afike, abishe hodi, amkute bibi anashona nguo ya mtoto wa mtu, aamue mwenyewe kama anaibeba. Sindano haikuwahi kusimama yenyewe katikati ya mshono kwasababu ni tarehe moja.

Hapo mtu ataniambia mbona LUKU inakata na hulalamiki. LUKU inakata umeme wao, haifungi kabati langu la nguo. Wangefunga laini yao nisiongee, au wakaniwekea kelele kila baada ya saa moja ya kunikumbusha deni, ningeelewa. Lakini vipimo vya wateja wangu siyo dhamana, picha za mwanangu siyo dhamana, sijawakopea hivyo.

Kenya wenzetu ndo hii biashara ilishamiri mapema, 2020 Safaricom na Google walipoleta Lipa Mdogo Mdogo, kianzio shilingi 1,000 za kwao halafu 20 kwa siku, ikawa gumzo kweli. Na hao hao Kenya wana sheria ya zamani ya hire purchase, Sura ya 507, mteja wangu mmoja anayesoma sheria ndo alinionyesha nikiwa nampima: mtu akishalipa theluthi mbili ya bei, mwenye mali hawezi kuja kuichukua hivi hivi, mpaka aende mahakamani. Theluthi mbili ya 607,500 ni 405,000. Mie Jumamosi ile nilishaivuka. Mikataba ya hizi simu inaandikwa kwa namna yake na mie siyo wakili, lakini angalieni walioandika sheria ile walichokuwa wanakiona, walimuona mtu anakuja na pikapu kubeba sofa. Siku hizi hakuna anayebeba sofa. Sofa liko sebuleni kwako, ila ukikaa linakutupa.

Kuna na jambo la pili, la ruhusa. Siku ya kwanza programu yao iliomba kujua nilipo, iliomba majina yangu yote ya simu, iliomba kusoma meseji. Ukikataa haiendelei, kwa hiyo sijui kwanini wanaita ruhusa. Mwezi wa tano nilichelewa siku tatu, kosa langu, sikatai, shemeji yangu ambaye nilimuandika mdhamini akapigiwa. Sawa, ni mdhamini. Lakini mteja wangu wa Mbagala ambaye hajawahi kunidhamini kitu naye akapigiwa, akaulizwa kama ananifahamu na kama anaweza kunikumbusha. Mteja! Amenipa kitambaa cha laki na nusu, anaambiwa fundi wako ana madeni. Alikuja kukichukua kitambaa chake akiwa anatabasamu, mnalijua lile tabasamu.

Sisi hapa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na tume yake ipo. Inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu inayojulikana na zitumike kwa hiyo sababu. Zile programu za kukopesha hela mtandaoni Benki Kuu ilishazitolea tangazo Novemba 2024, ikazitaja 69 zisizo na leseni. Hao wangu wana leseni, wana ofisi, wana kiyoyozi. Niliwaandikia barua pepe kuulizia namba ya mteja wangu waliitoa wapi, nikajibiwa asante kwa kuwa mteja wetu.

Na sisi kuzimiwa simu siyo wageni, mnakumbuka tarehe 16 Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki nchi nzima, mtaani kwetu asubuhi yake watu wanazungusha simu juu kama wanatafuta mtandao. Lakini kule tulitangaziwa miezi, matangazo redioni, ujumbe wa kuhakiki IMEI, ukajua siku yako. Mie nilizimiwa nimelala.

Upande wa pili wa shilingi niuseme pia maana yupo ndugu yangu mmoja aliponea hapo. Alikwapuliwa simu na bodaboda, ya mkopo kama hii, akapiga kampuni wakaifunga, na wezi wa mjini wanajua hizi simu hazina soko, fundi anaiuza kioo tu. Kwa hiyo komeo lina kazi yake. Ningelipenda kabisa kama ufunguo ningekuwa nao mie.

Sasa kumaliza. Jumanne nimetuma ya mwisho, mwezi wa kumi na nne badala ya kumi na mbili kwasababu ya zile siku nilizorukaruka. Skrini ikajaa vikaratasi vya rangi vinaanguka, hongera sana, umemaliza. Nikawa na furaha kabisa, nikamwita binti aone. Chini yake kuna kitufe, chukua simu nyingine. Nikaenda kwenye mipangilio kuangalia, bado imeandikwa kinasimamiwa na taasisi. Nikapiga, nikaambiwa masaa 72. Angalieni hapo: kufunga ni sekunde, kufungua ni masaa 72. Ijumaa jioni nikapata meseji, nikazima nikawasha, programu yao haipo, yale maandishi hayapo.

Kwa anayetaka kuchukua, sikukatazi, kama huna njia nyingine chukua, mie nguo nilizoshona kwa ajili ya hii simu zinazidi bei yake. Ila kabla hujaweka kidole chako uliza vitu vitatu kwa mdomo na usikilize anavyojibu: nikilipa na mfumo wenu haujaona, nani ana uwezo wa kunifungulia saa hiyo hiyo, mtapigia nani zaidi ya wadhamini, na nikimaliza mnatoka lini kwenye simu yangu. Lipa siku mbili tatu mbele ukiweza, usisubiri saa ya mwisho. Kila muamala andika namba yake pembeni. Na kitochi usikitupe. Vipimo vya wateja mie nimerudi kwenye kaunta buku la kwaya mbili, liko juu ya meza, lina mafuta ya cherehani kwenye jalada.

Simu nyota nne, mkopo nyota mbili, komeo sifuri, huduma kwa wateja nyota moja ya sauti nzuri.

Jumapili baada ya kunifungulia nilizima data toka asubuhi. Sikuwa nabana bando wala nini, nilikuwa nalo la kutosha, nilizima tu, nikaweka taarabu iliyokuwa kwenye memori nikakata vitambaa. Kila nikimaliza kipande naichungulia. Saa kumi na moja jioni ilikuwa bado inaimba.